Kwa Nini Wazungu Walitafuta Njia ya Bahari ya Kwenda Asia?

Katika somo la historia liko swali ambalo halikosi kurudi mwaka hata mwaka: Kwa nini watu wa Ulaya walitafuta njia ya bahari ya kwenda Asia? Mimi ni mwalimu, nami nimesahihisha majibu mengi ya swali hili. Karibu yote huanza kwa maneno yale yale: kwamba mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Konstantinopoli, ambao leo huitwa Istanbul, wakaifunga njia ya nchi kavu, na Wazungu, kwa kukosa pilipili na hariri, wakalazimika kwenda baharini. Jibu hili ni fupi na ni rahisi kulikariri. Wanafunzi wetu wa zamani watakaosoma ukurasa huu bila shaka watalikumbuka, maana nao walilikariri.

Lakini jibu hili halisimami peke yake. Nataka tulichungue pamoja, ninyi mlio darasani na ninyi mliokwisha kutoka, tuone lina kasoro gani, kisha tutafute jibu lenye nguvu zaidi.

Tarehe na mfuatano wake

Kanuni ya kwanza katika historia ni kwamba sababu hutangulia tokeo lake. Mtoto hawezi kumzaa mama yake. Basi tuzipange tarehe, tuone ipi iliyotangulia.

Mwaka 1415 Wareno walivuka bahari wakauteka mji wa Ceuta, ulioko pwani ya kaskazini ya Afrika. Mwaka 1434 nahodha wao mmoja, Gil Eanes, aliipita rasi ya Bojador, ambayo mabaharia wa Ulaya waliiogopa sana. Mwaka 1444 merikebu zao zilishusha katika mji wa Lagos, kule Ureno, mateka 235 waliokamatwa katika pwani ya Afrika ya Magharibi, nao wakagawanywa na kuuzwa kama wanyama. Baada ya hayo yote, ndipo ulipofika mwaka 1453 na Konstantinopoli ukatekwa. Kumbe Wareno walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao miaka 38 kabla!

Tena liko jambo la pili. Pilipili nyingi iliyoliwa Ulaya wakati huo haikupita Konstantinopoli. Ilipita Misri na Sham, na wafanyabiashara wa Venice waliinunua katika bandari za Alexandria na Beirut. Nchi hizo zilikuwa mikononi mwa masultani wa Kimamluki. Waturuki waliiteka Sham mwaka 1516, na Misri mwaka 1517. Naye Vasco da Gama alikwisha kufika Calicut, katika Bara Hindi, mwaka 1498. Yaani Mreno aliifikia Bara Hindi miaka 19 kabla Mturuki hajaishika Misri. Basi itawezekanaje tuseme kwamba alikwenda kwa sababu Mturuki alikuwa amemfungia mlango?

Sisemi kwamba kutekwa kwa Konstantinopoli hakukuwa na maana. Watu wa Genoa, waliokuwa na biashara kubwa katika Bahari Nyeusi, walipata hasara, na mwaka 1475 Waturuki waliwanyang'anya mji wao wa Caffa. Baadhi ya watu wa Genoa walizidi kuielekeza mitaji yao na ujuzi wao upande wa magharibi, katika Ureno na Hispania. Hata njia ya mbali ya kupita katikati ya Asia, ambayo Marco Polo aliipita katika safari yake ya miaka ya 1271 hadi 1295, ilikwisha kuwa ngumu zamani, baada ya ufalme wa Wamongoli kuvunjika. Lakini njia kubwa ya pilipili ilikuwa wazi. Wenye fedha walinunua kama kawaida.

Bidhaa zilizotafutwa

Watu wa Ulaya walitaka nini hata wakahatarisha maisha yao? Walitaka hasa viungo. Pilipili manga ilitoka pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Mdalasini mzuri ulitoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Karafuu zilitoka katika visiwa vichache vya Maluku, na kungumanga katika visiwa vidogo vya Banda, vyote viliomo katika Indonesia ya leo. Msidhani kwamba zama hizo mtu angeweza kwenda Unguja au Pemba kununua karafuu. Mikarafuu ililetwa visiwani humo katika karne ya 19 tu.

Wanafunzi wengi huandika kwamba Wazungu walihitaji viungo ili kuficha uvundo wa nyama iliyooza. Hilo nalo lafaa kuachwa. Viungo vilikuwa ghali mno. Mtu aliyeweza kununua karafuu aliweza pia kununua nyama ya kuchinjwa siku ile ile. Nyama ya kuwekwa ilihifadhiwa kwa chumvi na kwa moshi, maana chumvi ilikuwa rahisi. Viungo vilipendwa kwa ladha, vilitumiwa katika dawa, na zaidi ya hayo vilikuwa alama ya heshima. Tajiri aliyeandaa karamu alitaka wageni wake waonje kitu kilichotoka mwisho wa dunia, wajue kwamba wameketi mezani pa mtu mkubwa.

Mnyororo wa bei

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari. Sisi tukaao Uganda, mbali na bahari, hatuna haja ya kufundishwa na mtu jambo hili. Bidhaa ikishuka katika bandari ya Mombasa ina bei yake. Ikifika Nairobi imeongezeka kidogo. Ikivuka mpaka imeongezeka tena. Kampala hivyo hivyo. Na ikifika katika duka la kijijini, mnunuzi hulipia gari, mpagazi, ghala, ushuru, na faida ya kila mkono uliyoigusa. Hakuna aliyefunga njia. Njia ni wazi kabisa, lakini ni ndefu, na kila mtu aliye njiani hula kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa pilipili manga. Mkulima wa Malabar aliiuza kwa mfanyabiashara wa Calicut. Merikebu za Waislamu na Wahindi zikaipeleka Aden, kisha katika Bahari ya Sham, ambayo wengine huiita Bahari Nyekundu. Huko ikalipiwa ushuru, ikapakiwa juu ya ngamia, ikafika Cairo, ikashuka mto Nili mpaka Alexandria. Njia nyingine ilipita Hormuz na Ghuba ya Uajemi, ikaenda Basra na Baghdad, mpaka pwani ya Sham. Sultani Barsbay, aliyeitawala Misri kuanzia mwaka 1422 hadi 1438, aliamuru kwamba biashara ya pilipili iwe mali ya serikali yake, naye akapandisha bei kama alivyotaka. Kisha Wavenice wakainunua, wakaongeza faida yao, wakaiuza Ulaya nzima.

Je, Wavenice walitafuta njia nyingine? La. Waliijua biashara hii kuliko watu wote wa Ulaya, nao walikuwa na merikebu nyingi na fedha nyingi. Lakini hawakwenda kuizunguka Afrika, kwa sababu njia ya zamani iliwatajirisha. Mwenye ufunguo havunji mlango. Walioutaka mlango mwingine ni wale waliokaa mwisho wa mnyororo, waliolipa bei iliyokwisha kupitia mikono yote.

Kwa nini Wareno?

Tazameni ramani. Ureno imekaa pembeni kabisa mwa Ulaya, mgongo wake kwa Hispania na uso wake kwa bahari kuu. Ilikuwa nchi ndogo isiyo na mali nyingi. Wavuvi na mabaharia wake walikwisha kuizoea bahari ile yenye mawimbi makubwa. Lakini tusidhani kwamba tangu siku ya kwanza waliiwaza Bara Hindi. Mwanzoni walitafuta vitu vilivyokuwa karibu zaidi.

Kitu cha kwanza kilikuwa dhahabu. Asia haikuhitaji bidhaa nyingi za Ulaya, hivyo viungo vilipaswa kulipiwa kwa fedha na dhahabu, na Ulaya ilikuwa na upungufu wa vitu hivyo. Dhahabu nyingi ilitoka Afrika ya Magharibi, ikapitishwa jangwa la Sahara kwa ngamia. Habari za Mansa Musa wa Mali, aliyepita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji na kugawa dhahabu kwa wingi, zilikwisha kufika Ulaya. Wareno walitaka kuifikia dhahabu hiyo kwa nyuma, kwa njia ya bahari. Wakafaulu. Mwaka 1457 walipiga sarafu mpya ya dhahabu iliyoitwa cruzado, na mwaka 1482 walijenga ngome ya Elmina, katika nchi iitwayo leo Ghana, kwa ajili ya biashara hiyo. Dhahabu ya Afrika, pamoja na watu wa Afrika waliouzwa utumwani, ndivyo vilivyosaidia kulipia safari za mbele. Jambo hili wengi hulisahau katika majibu yao.

Kitu cha pili kilikuwa dini na vita. Wareno walikuwa wamepigana na Waislamu kwa karne nyingi katika nchi yao wenyewe, na kuteka Ceuta kulikuwa mwendelezo wa vita hivyo. Tena kulikuwa na uvumi wa mfalme Mkristo mwenye nguvu, jina lake Yohana Kasisi, aliyesemekana kukaa mahali fulani nyuma ya nchi za Waislamu. Baadaye watu walidhani kwamba ndiye mfalme wa Ethiopia. Walitumaini kumpata, washirikiane naye.

Mwaka 1487 mfalme João wa Pili alituma watu kwa njia mbili. Bartolomeu Dias alikwenda kwa bahari, na mwaka 1488 akaizunguka rasi ya kusini ya Afrika, ile tuiitayo Rasi ya Tumaini Jema. Pêro da Covilhã alipita Misri, akafika Aden, Calicut na Hormuz, akaiona na pwani ya Sofala. Alipeleka habari zake kwa mfalme, kisha akaenda Ethiopia, wala hakurudi tena kwao. Angalieni hapo: Covilhã alipita njia ile ile ambayo twaambiwa ilikuwa imefungwa!

Kitu cha tatu kilikuwa ufundi, na huo haukuwa wa watu wa Ulaya peke yao. Dira ilijulikana kwanza huko China. Astrolabu, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, kilikamilishwa na wataalamu wa Kiislamu. Tanga la pembe tatu, ambalo sisi twalijua katika jahazi, lilitumika zamani katika Bahari ya Kati. Wareno walikusanya ujuzi huo, wakaunda merikebu nyepesi iliyoweza kwenda karibu na upepo ukiwa mbele yake. Bila merikebu hiyo, tamaa peke yake isingewafikisha mbali.

Wahispania nao walijaribu njia ya magharibi. Christopher Columbus, mzaliwa wa Genoa, alisafiri mwaka 1492 akidhani ataifikia Asia, akakutana na visiwa vya Marekani. Hata kosa hilo latuonyesha jinsi tamaa ya kuifikia Asia bila kupitia mikono ya wengine ilivyokuwa kubwa.

Walipofika

Vasco da Gama aliondoka Lisbon mwezi wa Julai mwaka 1497 na merikebu 4. Aprili 1498 alipita Mombasa, ambako hawakuelewana na wenyeji, akafika Malindi. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, akampa rubani aliyeijua bahari. Vitabu vya zamani humtaja Ahmad ibn Majid kuwa ndiye rubani huyo, lakini wanachuoni wengi wa leo hawakubali. Husema yaelekea alikuwa mtu wa Gujarat. Kwa vyovyote, upepo wa kusi ulikuwa umeanza, na chini ya mwezi mmoja wakawa Bara Hindi. Basi hiyo haikuwa bahari iliyovumbuliwa. Ilikuwa bahari yenye mabaharia wake, pepo zilizojulikana, na bandari zilizokuwa zikifanya biashara kwa karne nyingi.

Mtu wa kwanza aliyeshushwa pwani karibu na Calicut alikutana na Waislamu wawili watu wa Tunis, walioweza kusema lugha za Ulaya! Walipomwuliza amekuja kutafuta nini, alijibu kwamba wanatafuta Wakristo na viungo. Jibu la mtu yule lastahili kukumbukwa, maana ndani yake zimo sababu mbili kwa pamoja.

Kisha Vasco da Gama alitayarisha zawadi kwa mfalme wa Calicut: vitambaa, kofia, marijani, mabakuli ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme walicheka, wakasema hata mfanyabiashara maskini kabisa atokaye Makka huleta zaidi ya hayo. Mfalme alikuwa amezoea dhahabu. Hapo twaona waziwazi shida ya Ulaya: walitaka vitu vya Asia, lakini hawakuwa na vitu ambavyo Asia ilivitaka.

Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi. Bahari ile waliyoivuka kwa siku chache iliwashika karibu miezi mitatu, na wengi wakafa kwa ugonjwa wa fizi uletwao na kukosa matunda na mboga. Mabaharia wakapungua hata ikawabidi kuichoma moto merikebu moja karibu na Mombasa, maana hawakuwapo watu wa kuiongoza. Merikebu 2 tu ndizo zilizofika Ureno mwaka 1499, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwamo.

Kutoka njia mpaka mizinga

Wahenga walisema: Biashara haigombi. Lau Wareno wangetaka njia tu, wangeweza kukaa sokoni na wengine, wakanunua pilipili kwa bei ya Calicut, wakaiuza Lisbon kwa faida. Lakini hawakufanya hivyo. Mwaka 1500 Cabral, baada ya ugomvi uliowaua Wareno wengi mjini, aliupiga Calicut kwa mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuipora, kisha akaichoma Mombasa. Goa ikatekwa mwaka 1510, Malacca mwaka 1511, na Hormuz ikawa chini yao kabisa mwaka 1515. Wafanyabiashara waliosafiri katika bahari ya baba zao walitakiwa kuchukua hati ya Kireno iitwayo cartaz. Asiyekuwa nayo aliweza kunyang'anywa merikebu na shehena.

Lakini mji wa Aden haukutekwa. Wareno waliushambulia mwaka 1513 wakashindwa. Kwa hiyo Bahari ya Sham haikuzibwa, na kufika katikati ya karne ya 16 pilipili ilikuwa ikipita tena kwa wingi Misri kwenda Venice, wakati ambapo Misri ilikuwa chini ya Waturuki wale wale! Hii ndiyo hoja ya mwisho dhidi ya jibu la kukariri. Serikali ya Waturuki haikuwa na haja ya kufunga biashara. Ilihitaji ushuru wake, nayo ilijua kwamba njia iliyofungwa haileti ushuru.

Jinsi ya kujibu swali

Basi ukiulizwa swali hili, eleza kwamba Ulaya ilipenda viungo vya Asia lakini ilivilipia bei kubwa, kwa sababu vilipita katika mikono mingi, na faida ya mwisho ilikuwa ya Venice na Misri. Eleza kwamba Wareno waliokaa mwisho wa mnyororo walianza kwa kutafuta dhahabu ya Afrika, na faida ya Afrika ikawapeleka mbele. Taja dini, na vita vya zamani, na tumaini la kumpata Yohana Kasisi. Taja ufundi wa merikebu uliokusanywa kutoka kwa watu wengi. Mwaka 1453 utaje pia, lakini uuweke mahali pake: ni jambo lililoongeza mwendo wa watu waliokwisha kuwa njiani.

Huenda mtu akauliza, kuna faida gani kubishana juu ya tarehe hizi? Faida ipo. Anayesema njia ilifungwa, husema kwamba Wareno hawakuwa na hiari, na kwamba mizinga iliyoipiga Kilwa na Mombasa ilikuwa kama ajali ya safari. Anayeziangalia tarehe huona vingine. Njia ilikuwapo. Watu wa dini nyingi na lugha nyingi waliipita kila mwaka, wakingoja kusi na kaskazi. Wareno hawakuitafuta njia kwa sababu haikuwapo. Walitafuta njia iliyo yao wenyewe, na walipoipata walitaka wengine wote waombe ruhusa ya kuipita. Hilo lilikuwa chaguo lao, na katika historia chaguo la watu lazima lihesabiwe.

Maswali ya kujipima

1. Panga tarehe hizi kwa mfuatano, ueleze kila moja: 1517, 1415, 1498, 1453, 1434.
2. Kwa nini Venice haikutafuta njia ya kuizunguka Afrika?
3. Chagua bidhaa moja iuzwayo katika duka la karibu nawe, ambayo imetoka ng'ambo. Andika mikono yote iliyopitia mpaka kukufikia. Kisha useme: ni nani katika mnyororo huo angependa njia ibadilike, na ni nani asingependa?